Wanasema Umelala Ludewa

Mume wangu, Baba Tumaini,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi leo sikuulizi kama hujambo, maana hilo ndilo ninaloogopa kulijua. Nimekaa kibarazani kwa yule Mhindi wa spea hapa Makambako, upepo unataka kuninyang'anya karatasi, na ninamsubiri Haule, dereva wa lori la pareto, arudi kutoka Iringa. Yeye ndiye aliyetoka Ludewa na habari yako, akaiacha Njombe, akaendelea zake na safari. Habari yenyewe ni hii: "Baba Tumaini amelala Ludewa."

Amelala! Wewe ni Mlutheri kama mimi, unajua kanisani kwetu nani husemwa amelala. Mchungaji akisimama mbele akatangaza kwamba mzee fulani amelala, hakuna anayeuliza ataamka saa ngapi. Mama yako alilisikia neno hilo sokoni kwa muuza viazi, naye muuza viazi alilisikia kwa utingo wa Haule, na lilipoingia nyumbani mama yako alikuwa tayari amejifunga kanga kiunoni na sauti imemkauka. Jioni wanawake wakaja na kuni vichwani. "Pole, Mama Tumaini." Nikamwambia wa kwanza, "Pole ya nini? Zirudishe kuni zako!" Wakazipanga ukutani vilevile. Kaka yako mkubwa akaanza kuuliza nani ataufuata mwili. Mwili! Mtu aliyeondoka hapa anapiga mluzi, leo ni mwili?

Najua, madereva nanyi mna kulala kwenu. Umelala Mdandu, umelala Iringa, maana yake giza limekukuta huko ukajikunyata nyuma ya usukani. Nilimweleza mama yako hivyo hivyo. Akanitazama kwa huruma, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, usijisumbue." Ule mkono wake begani ndio ulionitoa mbio. Nilimwachia Tumaini, nikapanda gari la kwanza nililoliona. Sijalia bado. Nikilia nitakuwa nimekubali.

Unakumbuka masika ile ya minyororo? Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kumwendesha Bwana Mawe, yule Mzungu wa serikali anayezunguka milimani akigonga mawe kwa nyundo kama mtu aliyepoteza kitu. Mlikwama njia ya Ludewa, ukafunga minyororo kwenye magurudumu ili gari lishike tope, kama mlivyofundishwa jeshini kule Bama, vitani na Wajapani. Ukatuma mtu: "Mwambie Mama Tumaini nimefunga minyororo, nitachelewa." Neno likapita midomoni mwa Wabena wenzetu, ambao Kiswahili tumekikuta shuleni na sokoni, likanifikia likiwa hivi: "Amefungwa minyororo, atachelewa." Herufi moja tu, Baba Tumaini! Nikaona kodi, nikaona hakimu, nikaona wewe unapasua kokoto juani na namba mgongoni.

Nilichinja yule kuku mwekundu, nikafunga ugali kwenye kitambaa, nikatembea hadi gereza la Boma. Askari wa zamu akauliza, "Mama, mumeo kaiba nini?" Nikamjibu sijui, ila asamehewe, hajazoea. Akatafuta jina lako, halipo. Akatafuta tena. Nikaona wamekupeleka mbali zaidi, nikakaa chini pale mlangoni nikaangua kilio hadi wafungwa wakanionea huruma. Ndipo ukaja na Landrover yako, nyumbani wamekuambia nilipo, matope mpaka kwenye nyusi, ukanishika mkono ukanipeleka nyuma ya gari: "Hiyo hapo minyororo yangu. Ikague." Askari alicheka hadi akaegemea ukuta. Na yule kuku mkamla ninyi wawili, mimi nikaambulia shingo.

Tulicheka mwaka mzima. Lakini tangu siku ile naogopa salamu za mdomo, na kila ukichelewa moyo wangu unapanda darini.

Ndiyo maana safari hii nilikufuata hadi hapa dukani, nikisingizia kanga. Nilitaka kuona kwa macho yangu utakanyaga nini. Ulizigeuza tairi za Mhindi moja moja, ukazinusa, ukaigonga rimu kwa spana ukasikiliza kama mwanamke anayechagua chungu. Halafu ukakichukua kidole changu ukakizamisha kati ya kashata, yale meno ya tairi. Ukasema, "Kidole kikizama mpaka hapa, hiyo inapanda mlima. Kisipozama, hiyo ni ya kupelekea maharusi." Mhindi akanung'unika kwamba unamchafulia biashara. Nilijivuna kweli. Mke wa nani mwingine Njombe nzima ameonyeshwa kashata?

Wewe ulitaka zile nyembamba. Ulimwambia Bwana Mawe kwamba nyembamba inalikata tope mpaka ifike kwenye ardhi ngumu, lakini pana inaelea juu, na ikishaelea usukani ni pambo tu. Akakusikiliza, mtu wa watu. Kisha akasema, "Kazi yetu ipo ufukweni mwa ziwa. Kule ni mchanga mtupu. Nyembamba zitazama."

"Kabla ya ziwa kuna Ludewa, Bwana."

"Na baada ya Ludewa kuna ziwa, dereva."

Mkatazamana. Wote wawili mlikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitisha. Kama mmoja wenu angekuwa mjinga, ningekwenda nyumbani nikalala. Zikafungwa zile pana. Mhindi akaleta minyororo yako ya zamani, mkaizungusha kwenye gurudumu jipya, ncha zikakataa kukutana. Mkavuta, mkatukana kwa Kihindi, Kiingereza na Kibena, wapi! Mhindi akasema ataagiza mingine kutoka Dar es Salaam. Bwana Mawe akatazama mawingu, akasema haitawahi. Basi minyororo ikarudi stoo, nanyi mkaendelea kupakia.

Ulifurahi siku hiyo kama bibi harusi anayepanga vyombo. Winchi ya kujivutia puani mwa gari, na kamba yake ya chuma. Mbao za kutandika chini ya magurudumu. Koleo, shoka, jeki, madebe ya petroli kwenye keria, hema, tairi za spea mbili, moja juu ya boneti. Ulikuwa ukinieleza kazi ya kila kimoja, na mimi kila ulichofunga kilinieleza njia. Mtu hachukui shoka na winchi kwenda ubatizo. Nilitaka kukuambia, shusha vyote hivyo, twende nyumbani. Ukaniuliza, "Mbona umenuna?" Nikasema ni upepo.

Sasa mvua imenyesha mfululizo tangu uondoke. Usiku naliona gari lile linateleza pole pole, bila kelele, magurudumu mapana yanazunguka bure, na wewe unageuza usukani usiogeuza kitu. Laiti mtu angekuja leo aniambie umefungwa minyororo! Ningechinja kuku wote.

Ninaogopa, Baba Tumaini. Hapa nilipo bado una uhai, nakusema kwa "wewe" na sijakosea. Haule akishafungua mdomo, huenda nikalazimika kujifunza kukusema kwa "alikuwa". Mhindi ameniletea chai, imepoa. Ameniuliza kama zile tairi zinafanya kazi vizuri, nikamwambia sijui, akaona uso wangu akaondoka. Kila lori likikohoa kule njia panda naomba Mungu lisiwe lake.

Lipo moja linakuja. Ni la kijani. Ni lake. Naweka kalamu chini.

Ni mimi tena.

Haule alishuka, akaniona, akavua kofia. Kumbe alitaka kujikuna! Akaanza, "Kamwene, mama," na habari za nyumbani, na za mashamba, na za mama mkwe, salamu zote za dunia hii, mimi naitikia tu. Nilikuwa nimepanga kuuliza kama mzima au la. Sikuweza. Likatoka swali jingine kabisa.

"Lile neno la kwamba amelala, nani alikupa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si mumeo! Alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini, anakula kiazi. Kaniambia, mwambie Mama Tumaini nimelala Ludewa, gari halipandi wala halishuki. Kwani vipi?"

Nilimpiga kwa kikapu, Baba Tumaini. Dereva wa watu, mbele ya Mhindi na wateja wake. Nilimpiga hadi mpini ukakatika, ndipo nikalia, kilio chote cha siku zote hizi, na Haule maskini anauliza amekosa nini.

Hofu imeondoka? Haijaondoka, imehama tu. Haule anasema unangoja mvua ipungue kidogo ujaribu kuteremka ziwani na hizo hizo tairi pana. Usijaribu. Nakuomba kwa jina la mtoto wetu. Mwambie Bwana Mawe mawe yake yamekaa pale tangu uumbaji, hayatakimbia. Akikasirika na akasirike. Akikufukuza kazi, tutapanda viazi.

Haule anarudi Ludewa kesho, na ananiambia nimpe tu salamu za mdomo, karatasi ya nini. Thubutu! Mdomo nimekoma. Atakupa barua hii mkononi, nimeiacha wazi bila gundi, aisome mwenyewe akitaka, ila asimsimulie mtu.

Leo ananipeleka hadi Njombe, kwenye ule msiba wako. Hapa ndipo ninapoogopa upya, maana nimetafuta neno la kumwambia mama yako na silipati. Nikisema "amelala tu," atalia zaidi. Nikisema "amepumzika," ndiyo nimekuzika kabisa. "Yuko salama"? Hivyo ndivyo tunavyosema tukitoka kaburini. "Yuko mikononi mwa Mungu"? Hata usiniambie. Nikipiga kelele kwamba uko hai, watasema maskini, ameshaanza kuchanganyikiwa, mshikeni. Maneno yote mazuri tumeshawapa marehemu, mtu aliye hai hatukumwachia hata moja.

Basi rudi mwenyewe. Liache gari, liache winchi, rudi kwa miguu kama njia ndiyo hiyo. Uje usimame mlangoni na matope yako, usiseme kitu, mama yako akuone.

Ni mimi mkeo, mwenye mume,

Mama Tumaini