Damu ya Ng'ombe wa Baba

3 Machi

Mwanangu,

U mzima? Sisi wazima, ila mgongo wangu ndio unaolalamika. Najua mwaka wa sita huu hatujaandikiana. Nakuandikia kwa sababu ya ng'ombe. Watatu hawashiki mimba. Yule mweusi kapandishwa mbegu kwa mrija mara tatu, na tangu Desemba hata dalili za joto haonyeshi. Kaka yako anasema ni damu, maana mama yao naye alikuwa mzito wa kushika, tuwapeleke kwa mchinjaji. Wewe mambo haya ndiyo kazi yako. Wasemaje?

Baba yako


20 Machi

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Mimi mzima.

Uzazi wa ng'ombe ukiugawa mafungu kumi, damu haifikishi hata moja. Yaliyobaki ni lishe, hari ya banda na jicho la mfugaji. Bati lako liko chini mno. Mchana wanahema kama mbwa. Wakizaa mnawakamua bila huruma na kuwalisha mabua makavu. Mwili uliokonda haushiki kitu. Na huyo mweusi, asiyeonyesha joto huenda ana mimba tayari. Mwite daktari ampime kabla ya lolote.

Mume wangu aliponirudisha, ulisema mbele ya wageni kwamba ukoo wa mama una matumbo makavu. Hakuna aliyepimwa, baba. Si mimi, si yeye.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Habari za kazi? Barua yako imefika juzi. Mweusi tulikuwa tumeshamchinja Jumamosi. Mchinjaji aliniita, "Mzee, njoo uone." Ndama, ukubwa wa paka, kwato zimeshatokea. Kaka yako akaondoka. Ndama nilimfukia mwenyewe.

Lipo na lingine, limenikaa rohoni. Yule mumeo ameoa mara mbili tangu akuache. Hakuna mtoto. Nalijua, mwaka wa pili huu. Niliona haya kukuandikia. Mtu mzima akishatamka mbele za watu, kuyameza ni kazi. Njoo nyumbani tuzungumze.

Baba yako


30 Agosti

Kwa mfugaji,

Natumaini mifugo inaendelea vyema. Kwa wawili waliobaki: inua bati, maji yawepo kutwa, waongeze pumba na majani mabichi miezi miwili kabla ya kupandisha tena. Anayeonyesha joto asubuhi apandishwe jioni. Damu yao haina kosa.

Ukiwa na swali jingine, mwone daktari wa mifugo wa hapo karibu.

Mtaalamu wa uzazi wa mifugo