Neno Moja kwa Mama wa Plamen

Ruska, uko? Nimefanya kitu, shoga.

Leo tumeshinda ile kesi ya mauaji ya Plamen. Mteja wangu Krasen ameachiwa huru, maana maiti haijapatikana na ushahidi haukutosha. Watu wananipa pongezi, mimi nakwepa macho yao.

Unajua miiko yetu mawakili: aliloniambia mteja nazikwa nalo. Kwa hiyo usiniulize Krasen aliniambia nini.

Basi kwenye ngazi za mahakama akanifuata Bi Tsvetana, mama yake Plamen, yule kijana aliyepotea tangu vuli. Nilidhani atanitemea mate. Wala! Alinishika mkono taratibu, akasema, "Binti yangu, sikuulizi yuko wapi. Niambie tu, yuko majini? Mwanangu alikuwa anaogopa sana maji."

Nikasema, "Hapana, mama."

HAPANA, Ruska! Limenitoka kabla sijafikiri! Miaka kumi na tisa ya uwakili!

Akanitazama. Nikamtazama. Sote wawili tukaelewa nilichosema: kwamba najua alipo.

Hakupiga kelele. Alinibusu mkono, mimi niliyemtetea Krasen, akasema, "Mungu akupe maisha marefu."

Nimekimbilia ofisini, nimejifungia. Nikisema neno la pili, uwakili wangu umekwisha. Nisiposema, yule mama atazeeka akichimba kila shamba.

Sasa hivi nimechungulia dirishani. Ameketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara, theluji inamwangukia mabegani. Haniiti, hagongi mlango. Ananisubiri tu.