Wamemfunga Mwanangu Kitambaa Mbele ya Kanisa

Shoga, usinipigie. Niko nyuma ya kanisa, watanisikia.

Yaani wamenituma mimi! Binti yangu alikuwa mbele na kwaya, anacheza vile anavyosifu siku zote, mikono juu, machozi yanamtoka. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Mama, wewe ni mhudumu. Kamfunge kitambaa kiunoni, anatupotosha wanaume."

Nikaenda. Kanisa zima macho kwangu.

Hakuacha kucheza. Akaniambia taratibu, "Nifunge, mama. Ila kwanza niambie wewe, nina kosa gani?"

Nina kosa gani! Ananiuliza mimi niliyemzaa! Sikumfunga; nikakikunja kitambaa mkononi.

Basi yule mzee akaja mwenyewe, akaninyang'anya, akamfunga. Alimshika kiuno, shoga. Huyo huyo anayeogopa kupotoshwa! Akamshika mwanangu kiuno, akakaza fundo, na hakuna aliyemzuia.

Mwanangu akaketi chini palepale. Binti yako ndiye wa kwanza kuketi naye. Kisha kwaya yote ya wasichana, chini. Wimbo ukakatika.

Sasa sikia. Jioni wasichana wote wanaitwa na baraza la wazee, mmoja mmoja, bila mzazi. Atakayekataa kuomba radhi anatengwa na kanisa. Usimruhusu wako aingie peke yake, hata wakikuahidi nini. Mlango ukifungwa, mle ndani ni wazee hao tu, na yule mzee yumo.

Mimi naingia na wangu, wapende wasipende. Naogopa, mwenzangu. Njoo tuingie wote.