Kanda Mbili za Alhamisi

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, lakini nimekukasirikia, na sitaki kuanza barua hii kwa kujifanya. Miezi miwili sasa tangu tukuzike hapa Ibra, na kila anayekuja ananiambia nilie. Nimeshalia. Nimebaki na hasira.

Ulisema gesi. Wiki nzima unajishika kifua, Mama anakuuliza, wewe unajibu, "Gesi tu hiyo, nipe tangawizi." Aza ilipokwisha, watu wa kutupa pole wakaondoka, nilifungua droo ya gari lako nikakuta karatasi ya daktari. Aliandika moyo, akataka urudi haraka. Hukurudi, wala hukumwambia mtu. Uliikunja, ukaiweka chini ya miwani ya jua, ukaja nyumbani kula wali. Baba, hivi sisi ulituona nani?

Na si moyo tu. Kila kitu ulikiweka kichwani mwako peke yako, hata mchezo wetu wa Alhamisi. Ukishasali alasiri unaweka kwenye video ile filamu ya zamani isiyo na sauti, ya mtu mwembamba mwenye ngazi na polisi mnene anayemkimbiza. Halafu unatia kwenye redio kaseti kanda ya wale vijana wa roki uliyoinunua mjini Ruwi, magitaa yanalia kama mashine ya kukatia vyuma. Kidole juu ya kitufe, unangoja mahali unapopajua wewe tu, unabonyeza. Basi hapo ngazi ikigeuka, ngoma inapiga. Polisi akitumbukia kwenye pipa la chokaa, gitaa linapiga ukelele pamoja naye. Nilikuwa nacheka mpaka nashikwa na kwikwi. Nikisema nijaribu mimi, unausukuma mkono wangu: "Sogea wewe, utaharibu." Nilikuwa na miaka tisa ukisema hivyo. Nimefika kumi na tisa, ukasema vilevile.

Nilikuomba tuirekodi, picha na muziki kwenye kanda moja. "Inshallah, Alhamisi ijayo." Zilipita Alhamisi ngapi, Baba?

Mama yuko ndani, anakaa eda. Mpaka juzijuzi alikuwa hasemi na mtu. Chakula anakigusa wageni wakiwepo, wakiondoka sahani inarudi jikoni vilevile. Nikachukua kanda zako. Si kwamba nilidhani anazipenda, maana miaka yote alikaa mlangoni na sinia la mchele, akituambia, "Punguzeni fujo hizo." Nilitaka tu nyumba isikike tena kama umo.

Nilijaribu Alhamisi tano. Nikianzisha kanda zote mbili pamoja, polisi anaanguka kimyakimya, na ngoma inakuja kupiga wakati mtu anakunywa chai. Nikichelewesha, ndiyo balaa zaidi. Haikuchekesha hata kidogo. Watu wawili wanakimbia tu, na makelele pembeni. Alhamisi ya tano niliitupa rimoti ukutani. Ndiyo, ile uliyoifunga nailoni isiingie vumbi. Imepasuka, na sijuti.

Shangazi Zuwena alikuwa amekuja kutoka Samail. Dada yako unamjua. Akaingia, mkono kiunoni. "Wallahi hamna haya! Nyumba ina eda, nyinyi mwapiga mangoma! Majirani watasemaje?" Nilikuwa na jibu baya limeshafika mdomoni. Lakini Mama alitokea mlangoni, pale pale pake pa siku zote. Nikajua sasa nitagombezwa na wawili.

Akasema, "Siyo hapo. Ngoja punda akae chini."

Mle kwenye filamu mna punda wa muuza maji, mwanzoni kabisa, pembeni, hata sikuwahi kumtazama. Anagoma, anakaa. Nikarudisha kanda, punda akakaa, nikabonyeza. Ngazi ikageuka, ngoma ikapiga.

Kumbe miaka yote Mama alikuwa akitazama! Hakuna mchele unaochaguliwa saa nzima, Baba. Na wewe hukumwambia hata siku moja, njoo ukae nasi. Mimi pia sikumwambia. Hilo limeniuma kuliko karatasi ya daktari.

Polisi alipotumbukia kwenye pipa, Mama alicheka. Kilimtoka kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga, kikageuka kilio, akakaa chini palepale. Shangazi akautazama mlango wa nje, akaenda kuufunga, akarudi akakaa naye akimshika bega. "Punguza sauti kidogo," akaniambia. "Halafu rudisha pale pa polisi." Jioni ile Mama alikula.

Nimeshaazima waya wa kuunganisha redio na video. Wiki hii tunairekodi kanda moja, na kidole kitakachobonyeza ni cha Mama. Juu yake nitaandika kwa kalamu nene, muziki uanze punda akikaa, ili hata mgeni aweze.

Sijakusamehe bado. Nakuombea kila sala, na nikinyanyuka kwenye msala hasira ninayo vilevile. Pumzika, Baba, Mola akupanulie kaburi lako. Mimi nakuahidi jambo moja. Siku nikiumwa kifua, nitapiga kelele nyumba nzima isikie.

Bintiyo,
Rahma