Rubani wa Ndege Isiyo na Rubani

Johannesburg

Mama Zuhura, mke wangu,

Vuta kigoda ukae vizuri, maana barua hii imeandikwa na rubani. Katika Waswahili wote wa Joburg, wauza mitumba, wasusi, walinzi wa mageti, bahati imezunguka weee, ikamchagua Shabani wa darasa la saba. Leo chombo kinapaa Sandton, kesho Turffontein, na mumeo yupo, kavaa kizibao kinachong'aa hata mchana. Usingizi nao ni wa kitanda kipana. Siringi, nakupa habari tu.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Na Zuhura, lile jino la mbele limeota? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia kwenye mifupa bila hodi.

Najua utauliza kwa nini barua na simu ipo. Nikikutumia sauti unaifungulia barazani, nikiandika ujumbe unawasomea, mafundi wenzio wote wanasikiliza, na mimi nikijua nina wasikilizaji ulimi haukamatiki. Hii anakuletea Mama Rehema, muuza vitenge, anayerudi Tanga kwa basi. Isome peke yako.

Unakumbuka nilipokwambia nafanya kazi kwenye ndege isiyo na rubani? Ukaniuliza, "Baba Zuhura, kama haina rubani, wewe unafanya nini hapo?" Nikakujibu, "Ndiyo maana wakanitafuta mimi!" Baraza zima likacheka. Lakini swali lako halikuondoka. Kila asubuhi nikivaa kizibao linanisubiri mlangoni.

Nikueleze kazi yenyewe. Droni, ndiyo jina la ndege hiyo, si kishada, kwamba ukiwa na uzi na upepo unarusha. Huku imewekewa masharti kuliko bibi harusi. Ya kujifurahisha rusha, lakini usiipitishe juu ya vichwa vya watu, usisogelee nyumba ya mtu wala barabara bila ruhusa, na uwanja wa ndege ukae nao mbali kabisa. Ukitaka kuchuma nayo, kama sisi tunaopiga picha nyumba zinazouzwa, hapo kuna mtihani, kuna leseni, kuna daktari wa kukupima. Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: usirushe usichokiona. Si kukiona kwenye kioo, hapana, kukiona kwa macho yako kule juu. Kikikupotea, shusha.

Kazini tuko wawili, mimi na Lerato, binti wa Soweto, mdogo kwa umri lakini hana mchezo. Mimi ananiita Tanzania. Juzi tulikwenda Turffontein, nyumba iko jirani na uwanja wa mbio za farasi. Chombo kikapanda, kinalia kama cherehani chako ukikikanyaga kwa hasira. Mara simu ikatetemeka mfukoni. Nikachungulia. Ni wewe: "Nimepata mtu wa kununua cherehani. Nakuja kwa rubani wangu."

Mama Zuhura, nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilipoinua kichwa, mbingu tupu.

"Tanzania! Kiko wapi?"

"Kipo!"

"Kipo wapi?"

"Kipo... hewani!"

"Eish! Hewani ni kubwa, baba!"

Kilikuwa kimepita nyuma ya miti. Tukakishusha hivyo hivyo kwa kubahatisha, kikatua uani kwa jirani, bibi mmoja wa Kireno, katikati ya shuka alizoanika. Akatoka amekishika mguu kama kuku wa kuchinjwa.

"Nani kaja kuchungulia nguo zangu za ndani?"

Kwa woga Kiingereza chote kikanitoka, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Shika... nini?"

Lerato kaniachia mwenyewe. Basi nikamwambia bibi ukweli, kwamba mke wangu kaniandikia nikaangalia chini. Akauliza mke yuko wapi. Nikasema Tanga, mbali.

"Na huwa unamwona?"

"Kwenye simu."

Akatikisa kichwa. Chombo akampa Lerato, mimi akanipa kikapu cha vibanio, nikaanika shuka zake upya zote huku yeye kashika kiuno, ananionyesha palipokunjamana. Ungeniona ungenipenda.

Njiani Lerato alikuwa bado amefura. "Kazi yako ni moja, Tanzania. Moja tu!" Halafu akauliza uliandika nini. Nikamwambia: anauza cherehani aje kwa rubani. Alicheka mpaka akashika nguzo ya roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku. Kisha akaacha kucheka. "Mwambie," akasema. "Kabla hajauza."

Ndiyo maana nimemkimbilia Mama Rehema. Cherehani kile nakijua mpaka sauti. Ndicho kilichoshona sare ya kwanza ya Zuhura, ndicho kilichonirudisha nyumbani jioni nikikisikia kutoka kona ya mtaa. Tafadhali, kama hujakitoa usikitoe. Kama umeshakitoa, mwombe aliyekichukua akurudishie, nami nitampigia simu nimbembeleze hata kwa kuimba.

Nisalimie mama mkwe, dawa yake ya miguu anayo Mama Rehema. Nisalimie kaka yangu Mussa fundi baiskeli, aache kukuuliza maswali ya ndege. Shoga yako wa maandazi mwambie ya huku yanaitwa magwinya na hayafiki hata robo ya yake. Zuhura mbusu kwenye pengo.

Sasa nimalize kabla sijaanza mzaha tena. Kitanda kipana ni godoro nyuma ya pazia, chumba cha wanaume wanne, mtaa wa Berea. Leseni ni ya Lerato. Rimoti ni ya Lerato, na mimi sijawahi kuishika. Nanyoosha shingo, nakitazama chombo kisipotee, na hata hilo lilinishinda siku ile kwa sababu nilikuwa nakusoma wewe. Ukitaka kuja kwa mtu huyo, njoo, pazia tutalisogeza. Ila cherehani kibaki chako.

Uliniuliza nafanya nini hapo. Natazama juu, basi. Si rubani, mke wangu. Nilikudanganya.

Mumeo,
Shabani