Mshika Picha wa Hajati

Jumatatu, 4 Agosti. Arua.

Kola za sare tangu asubuhi. Shingo inauma. Mvua imelipiga soko, boda boda wananirushia tope mpaka kwenye cherehani. Nimewatukana kwa Kilugbara. Kiswahili cha kambi ya jeshi alichonifundisha baba hawakiogopi.

Habari kubwa: tawi la chama limenichagua kushika picha ya Hajati Rukia siku ya mchujo. Chama chetu ni kidogo, hakina karatasi za kura. Kila mgombea urais ana mshika picha wake. Picha inainuliwa, wanachama wanapanga mstari nyuma yake, wanahesabiwa. Basi. Mshika picha haruhusiwi kugeuka. Ukigeuka wanasema unatisha watu. Wamenichagua kwa ajili ya urefu wangu na mdomo wangu. Sawa tu. Mwanamke wa Koboko anataka kuwa rais, na mimi fundi wa nguo ndiye nitakayembeba. Nina furaha kama mtoto siku ya Idi.

Mama Drani, jirani yangu anayeuza angara, wale samaki wakavu, ameahidi kuleta wauzaji wenzake wote. Wananuka, lakini wanahesabiwa.

Jumatano, 6 Agosti.

Balaa. Kuna sauti iliyorekodiwa inazunguka kwenye simu. Mwanamume, jina hataji. Anasema zamani, Hajati na mke mwenzake walipokuwa wote wake wa marehemu mzee Juma pale Koboko, Hajati alimfukuza mwenzake. Na watoto. Mvua inanyesha. Anamalizia: aliyeshindwa kukaa na mwanamke mmoja, nchi nzima ataiweka wapi?

Uongo! Nimesema hivyo mbele ya soko zima, tena kwa kelele. Watu wa Hajati walioko Kampala nao wamesema redioni ni uongo wa maadui.

Wanaume wanacheka tu. Wanawake ndio wamenuna. Kila mmoja hapa ana mke mwenza, au mama yake alikuwa naye, au anaogopa kuletewa. Mama Drani hakuitikia salamu yangu. Mama yake alitolewa nyumbani hivyo hivyo, aliwahi kunieleza. Imeniuma.

Ijumaa, 8 Agosti.

Kampala wamepiga simu. Niende Koboko, nimtafute huyo mke mwenza, Mama Zaina, nimlete redioni aseme haikuwa hivyo. Nimekubali haraka. Akisema neno moja tu, tumepona. Mgombea mwingine, yule wakili, ameshaanza kupita sokoni anagawa tabasamu. Mfyuu.

Jumamosi, 9 Agosti. Koboko.

Nimempata. Nyumba ndogo, safi, nyuma ya msikiti. Kanipa chai ya tangawizi na gurasa ya moto, mkate mwembamba wa chumani, kabla ya kuniuliza shida yangu. Nikamweleza. Akaendelea kumimina uji wa gurasa kwenye chuma.

“Iko kweli,” akasema. “Alinitoa. Sufuria ya maharage iko kwa moto. Wakakula wao.”

Hakulia. Alisema kama anayenielekeza njia ya hospitali. Watoto wawili, mmoja mgongoni. Walilala kwa jirani Mkongo mpaka kaka zake wakaja kuwachukua. Nikamuuliza kama ile sauti ameituma yeye. Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Simu yake ni ya tochi tu, haitumi sauti.

Nimerudi Arua nimeshikwa na hasira. Namkasirikia Hajati kwa kufanya, tena kwa kunyamaza. Nawakasirikia wa Kampala walionituma nikamwombe mwanamke huyu ameze ya kwake. Najikasirikia mimi na kelele zangu za sokoni.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nimempigia Hajati mwenyewe. Sikuzunguka. Nimemwambia kweli nimeipata kwa Mama Zaina mwenyewe, na picha siishiki kama uongo uko nyuma yake. Mtafute mrefu mwingine.

Hakukanusha. Akasema: “Nakuja, mwanangu.”

Mimi ni nani wa kumfokea mgombea urais? Lakini sijutii. Kwenye tawi wanasema amekwisha. Watatu wa kamati wamehamia kwa wakili leo leo, bila hata kuaga.

Jumatano, 13 Agosti. Koboko tena.

Hajati amekuja bila msafara, nimemsindikiza mimi peke yangu. Mlangoni kwa Mama Zaina akavua viatu. Kiti akakataa. Akakaa chini kwenye mkeka, mwanamke ambaye picha yake iko kwenye nguzo za umeme.

“Dada, nilikukosea,” akasema. “Ulikuwa wivu. Sina neno lingine.”

Mama Zaina alikuwa anachambua mchele. Akauchambua wote. Kivuli kikahama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Miguu yangu imekufa ganzi, Hajati hajajisogeza. Nilitaka kupiga kelele jamani mtu mmoja aseme kitu. Mwisho Mama Zaina akainuka, akamletea chai. Haina sukari, lakini chai.

Hajati akaomba ruhusa ya kulisema redioni. “Sema yako,” akaambiwa. “Yangu niachie.”

Alhamisi, 14 Agosti. Arua.

Amesema. Soko zima redio ziko wazi. Amesema alimfukuza mke mwenzake. Amesema waliokanusha walikanusha jambo la kweli, na yeye aliwaacha. Amesema amemwomba radhi mwenyewe, nyumbani kwake. Hakutaja jina lake. Hakusingizia ujana wala shetani.

Kampala wamenipigia, wananifokea kana kwamba mimi ndiye niliyelizaa hilo jambo. Tumejichimbia kaburi, wanasema. Labda. Mama Drani alizima redio akaendelea kupanga samaki. Sijui maana yake nini.

Naogopa. Lakini picha nitaishika, na nitaishika vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti.

Uwanja wa shule, chini ya Arua Hill. Nimeinua picha. Msimamizi akapuliza filimbi.

Mbele yangu hakuna kitu ila yeye na nyasi. Kushoto nasikia miguu inakimbilia kwa wakili, watu wanasukumana, wanacheka. Nyuma yangu kimya. Kimya kabisa. Nikasema moyoni, hata nikibaki peke yangu siishushi. Ya Rabi, lakini nisibaki peke yangu.

Halafu harufu. Angara!

Mama Drani, mgongoni kwangu, anahema. “Simama sawa, wewe mrefu,” akasema. “Picha imepinda.”

Nyuma yake miguu mingine. Ndala za plastiki. Kitenge kinasuguana na kitenge. Mtoto analia, anabembelezwa. Sikugeuka. Nimelia mbele ya msimamizi, machozi yanaingia mdomoni, mikono iko juu siwezi kufuta.

Wakili ametushinda Arua. Kwa wachache tu, mpaka watu wake wakataka tuhesabiwe tena, hawaamini. Koboko ameshinda Hajati. Matawi ya kwingine bado hayajaleta hesabu. Waliokuwa wamemzika tangu Jumatatu wanapiga simu, wanauliza kama bado wana nafasi kwenye kamati. Nimewaambia waulize kwa wakili.

Nimechoka. Nimefurahi sana.

Jumapili, 17 Agosti.

Nimefua. Nimelala kidogo. Soko limenyamaza.

Mchana nimempigia Mama Zaina. Nilisikia jana alionekana uwanjani Koboko, nikamshukuru kwa kusimama na Hajati.

Akacheka mpaka akakohoa. Alisimama kwa wakili. Tena mbele kabisa, ili Hajati amwone.

“Msamaha nimempa,” akasema. “Kura iko yangu.”

Nikauliza Hajati alifanyaje. Alikuja kumsalimia baada ya kuhesabu, akasema. Mbele ya watu. Leo yeye Mama Zaina amemwita kwake chakula cha mchana.

Kwa nyuma nikasikia sauti ya Hajati, inauliza sahani ziko wapi.

Mama Zaina akaniambia anakata simu, ana mgeni.