Kadi ya Wifi Imelala Kabambare

Kabambare, siku ya soko

Mwipwa wangu Elsa,

Pokea salamu mingi za mujomba wako, mutu ambaye bila yeye teritware nzima ya Kabambare ingerudi kuandika kwa makaa. Uko muzima? Bwana yako je? Homa ya ule mutoto mudogo imepoa? Mimi nguvu iko, ni nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa.

Kazi inaenda. Juzi mukubwa mumoja wa biro ya serikali alinipigia magoti nimuandikie barua kwa mashine. Kweli alikuwa amesimama, lakini magoti yalikuwa karibu.

Habari mbaya ni ile kadi ya wifi: imekufa. Serge wa pikipiki ameniambia unataka kumupa faili la kadi ndani ya kle, kile kijiti cha kubebea mafaili, nije niliweke mwenyewe. Usisumbuke. Ulipokuja kiangazi ulinifundisha: mashine ikiwaka, kiini chake kinaamuka mbele ya wote, kinauliza kila chombo jina. Kadi inajibu jina, lakini akili haina. Akili yake, ile munaita firmware, ni faili kwenye diski. Kiini kinalitafuta katika folda yake, kwa jina kamili. Kikilikuta, kinalimimina ndani ya kadi, nayo inafungua macho. Kisipolikuta, kinaandika mustari mumoja wa lawama, kinaendelea na kazi kama vile kadi haikuzaliwa. Nilimufasiria Atumani jirani, akasema hata Kinshasa hakuna profesa kama mimi.

Lakini hii haiombi kle, inaomba wewe. Njia imekauka. Kuku iko.

Mke wangu, Mama Victorine, angali Salamabila, anapikia wachimbaji. Ile Jumapili, siku ya Mungu, sura yako ilipotokea kwenye mashine mara ya kwanza, nilicheka mupaka Atumani akaja. Halafu ukasema: "Mujomba, sasa tunaonana kila juma, safari ya nini tena?" Na kweli hukuja tena. Sura yako ilikuwa inafika, inasimama mudomo wazi, inakatika. Nafunga mashine, nakula peke yangu.

Basi, usimuambie Victorine. Faili halikupotea. Nililitoa mwenyewe, nikaliweka kati ya picha za arusi yako, pahali kiini hakipitangi.

Salimia bwana yako, busu watoto. Serge asipakie mizigo nyuma. Kiti ni chako.

Mujomba wako,
André

Tangu juzi najaribu kulirudisha. Sijui namna.